Usiku wa Mzee Mbishi

Usiku Namba 212 ulilaliwa mchana, saa nane, baada ya chakula. Chuo kilikuwa na sababu zake. Mwanafunzi aliyekesha hulala fofofo na kuamka hana alichojifunza, lakini aliyekula wali maharage wa kantini na kulazwa kwenye chumba chenye giza husinzia tu, nusu yupo nusu hayupo, na hapo ndipo Profesa Kokusima alipowataka wawe.

Daktari Nyemo Ndahani alivua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda cha tatu. Alikuwa ameng'oa na kuziba meno ya watu kwa miaka minane, sita kabla ya kurudi darasani kusomea tiba ya usingizi na miwili akiwa humo humo darasani, na huu ulikuwa usiku wake wa kumi na mbili, wa mwisho. Akiumaliza ungebaki mtihani wa mdomo siku ya Ijumaa, kisha cheti.

"Leo unakwenda kwa Mzee Mbishi," alisema Mkwizu, mwanafunzi mwenzake, huku akimbandika vipima mapigo shingoni. Mkwizu alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita na hakujua kukaa kimya. "Msalimie, dada. Mwambie sisi tuliofuata masharti tupo, tunadunda."

"Kwani jina hilo nani alimpa?"

"Mimi," alisema Mkwizu, na ilikuwa dhahiri kwamba anajivunia. "Sasa hivi vyuo vyote vinamwita hivyo."

Akampa hatamu. Jina lake rasmi lilikuwa refu na halina ladha, kwa hiyo wanafunzi waliiita hatamu, kwa sababu ilikaa kinywani na kumwongoza aliyeivaa. Yalikuwa mabamba mawili laini, moja la meno ya juu na jingine la chini, na ukanda mwembamba uliolala juu ya ulimi. Usingizi wa mgonjwa uliorekodiwa ulipitishwa humo kwa vishtuo visivyouma. Ulimi wako ulikwenda ulikokwenda ulimi wake, taya lako likashuka liliposhuka lake, na hewa ikabanwa ilipobanwa yake, sekunde kumi tu, kisha ikaachiwa. Mkononi ulishika kitufe. Kazi yako ilikuwa kukibonyeza pale ambapo wewe, ungekuwa daktari wake, ungelisogeza taya lile mbele.

Hakuna aliyetarajia kwamba madaktari wa meno ndio wangekuja kushika funguo za usingizi wa nchi. Lakini serikali ilipoanza kudai cheti cha usingizi kwa kila anayeendesha treni, anayepasua watu au anayelea watoto wa wenzake, ilibidi mtu aulizwe kuhusu mikoromo. Koo la aliyelala huzibwa na ulimi unaoanguka nyuma, ulimi umefungwa kwenye taya la chini, na taya la chini ni shamba la daktari wa meno tangu zamani. Kifaa cha taya kilivaliwa usiku kikalishika taya mbele milimita tano au sita, kikirekodi kila mwendo wa kinywa, na wengi wakapona. Walioshindikana, rekodi zao ndizo zilizofundishwa. Ghala la chuo lilikuwa na rekodi elfu moja na ushee, bila majina. Wote waliorekodiwa humo walizinduka asubuhi, isipokuwa wa 212.

Daftari la mafunzo lilieleza kwa mstari mmoja: kifaa kililegea kwa sababu mgonjwa hakufuata maelekezo. Ndiyo maana ya Mbishi.

Nyemo akafumba macho. Dakika za mwanzo zilikuwa za kawaida, pumzi nzito ya mtu mzima aliyelala chali. Kisha ulimi wake ukaondoka taratibu, ukaenda chini kushoto, ukayasukuma magego yake. Ukasukuma tena. Kwa mtu huyu hapo palikuwa na pengo, na ulimi wa Nyemo ulilazimishwa kuingia mahali ambapo kwake palikuwa na meno. Kwa mazoea ya kazi akahesabu: magego matatu, chini kushoto. Akamhurumia mzee wa watu.

Halafu ulimi ukaanza kusema. Wanafunzi walilijua jambo hili, daftari lilisema mgonjwa "anatafunatafuna," na Mkwizu alidai anagombana na mkewe. Ulimi uligota nyuma kwenye kaakaa, ukagusa ufizi wa mbele, midomo ikakusanyika, meno yakakaribiana, kinywa kikafunguka. Ukapumzika. Ukagota tena. Mara ya tatu ulifanya kitu kimoja mara mbili mfululizo, nyuma na mbele, nyuma na mbele, na Nyemo akajikuta anakijua kinachosemwa kabla hakijaisha. Kilosa. Kidete. Godegode.

Kidole chake kilibaki juu ya kitufe.

Baba yake, Hosea Ndahani, alikuwa mtangazaji wa stesheni ya Dodoma kwa miaka thelathini na mmoja. Nyumbani hakuwa na hadithi za sungura wala fisi. Alimlaza binti yake kwa vituo vya reli, kwa sauti ya chini, akianzia Morogoro, na Nyemo hakuvuka Gulwe hata siku moja bila kupitiwa na usingizi. "Wewe umezaliwa Dodoma," mzee alikuwa akimtania asubuhi, "lakini hujawahi kufika Dodoma."

Midomo ikakusanyika, ulimi ukagusa mbele, midomo ikakusanyika tena. Gulwe. Hapo taya likaanza kuteleza. Halikurudi nyuma moja kwa moja. Lilizama kwanza upande wa kushoto, upande wenye pengo, kama meza iliyopoteza mguu, kisha ndipo likarudi nyuma na ulimi ukalifuata. Hewa ikafunga. Nyemo alihesabu mpaka kumi kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya. Hatamu ikamwachia. Kwenye skrini kando ya kitanda, mstari wa pumzi ya mgonjwa uliendelea peke yake, umenyooka.

"Dada, hukubonyeza," alisema Mkwizu. "Umelala nini?"

*

Miaka minne nyuma, akiwa daktari wa meno wa kawaida tu, Nyemo alikwenda likizo nyumbani, mtaa wa Kikuyu, akiwa na skana ya mkononi kwenye mkoba. Baba alikuwa anakoroma mpaka majirani wanamtania, na zaidi ya kukoroma alikuwa anakabwa pumzi. Foleni ya kliniki ya usingizi ilikuwa miezi kumi na moja. Sheria ilikuwa wazi: daktari hamtibu mzazi wake, na asiye na cheti cha usingizi hagusi taya la mtu aliyelala. Nyemo alikuwa na kozi ya wiki tatu na mapenzi mengi.

Mzee Hosea alimpokea sebuleni akiwa na shati lililopigwa pasi na meno yake ya bandia, yale magego matatu ya chini kushoto. Hakuwahi kuzungumza na mtu akiwa na pengo, hata mwanawe. Mtangazaji mwenye mapengo, alisema, anaharibu majina ya vituo vya watu. Akafungua kinywa, Nyemo akapitisha skana, na skana haitofautishi jino la kuzaliwa nalo na jino la kutengenezwa. Ikachora taya lililokamilika. Kifaa kilipoletwa, mzee alikijaribu mchana, meno yamo, kikakaa barabara.

"Kimenitosha kama kiatu cha kushonewa," alisema. Akabonyeza kidole kwenye fomu ya kutoa rekodi zake kwa mafunzo bila kuisoma, kwa sababu aliyempa alikuwa bintiye. Nyemo aliingiza kazi ile kwenye namba ya jumla ya kliniki aliyofanyia kazi, isiyotaja daktari, na hakuna aliyeuliza.

Lakini kulikuwa na agizo jingine, la miaka michache kabla, siku alipomkabidhi yale meno ya bandia. Baba, usilale nayo. Yavue, yaoshe, yaweke kwenye maji. Kila daktari wa meno huyasema maneno hayo mara hamsini kwa wiki, mpaka hajisikii tena akiyasema. Na mzee aliyavua kila usiku, akavaa kifaa kilichotengenezwa kukaa juu ya meno yaliyokuwa kwenye glasi.

Asubuhi ambayo mzee hakuamka, Nyemo ndiye aliyemkuta. Hospitali iliandika moyo. Glasi ilikuwa kwenye stuli kando ya kitanda, meno yamo ndani ya maji. Aliyachukua, akayafuta kwa kanga yake, akamvalisha baba yake ili waombolezaji wasimwone na pengo. Alikuwa ameshika jibu lote mkononi, na alikuwa akifikiria jeneza litatoka wapi. Baadaye alijiandikisha chuoni ili mtu mwingine asife kama baba yake, na watu walimsifu kwa hilo.

*

Alirudi kwa 212 Jumanne, na Jumatano akarudi tena. Kurudia kuliruhusiwa. Aliandika kwenye fomu kwamba anajiandaa na mtihani, na ulikuwa uongo mtupu. Alikwenda kumsikia baba yake. Kila mara alikishika kitufe na kila mara alikibonyeza mapema, palepale Kilosa, dakika nzima kabla ya hatari, na taya halikusogea kwa sababu lilikuwa taya la mtu aliyezikwa miaka minne.

Mambo yakaanza kumfuata nje. Kantini ulimi wake ulikuwa ukiyasukuma magego ya kushoto, anashtuka, anaurudisha. Sokoni Majengo aliulizwa anataka nyanya za kiasi gani, akahisi kinywa chake kinatengeneza neno Kidete. Alimwogopa. Hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote, kwamba alimwogopa baba yake, mtu ambaye hakuwahi kumnyanyulia hata sauti.

Jumatano hiyo jioni alimkuta Mkwizu maabara akiangalia mchoro wa taya la mgonjwa wake, Bi. Zamoyoni, mama wa miaka sitini na tisa aliyekuwa akija kuchukua kifaa siku mbili baadaye.

"Taya zuri hili," alisema Mkwizu. "Limejaa."

Nyemo aliinama. Magego mawili ya kulia yalikuwa yameng'aa mno na kulingana mno. "Hayo ni ya bandia. Ulimpima akiwa ameyavaa?"

"Sasa ningemwambia avue, mtu mzima mbele yangu? Ni aibu."

"Na ulimwambia avue akilala?"

"Si ndiyo sheria?"

"Basi kifaa chako kitakaa hewani upande mmoja. Taya litazama kulia, litateleza nyuma. Mpime upya, meno yakiwa nje."

Mkwizu alitazama mchoro, akatazama tena, na kwa mara ya kwanza tangu Nyemo amfahamu alichukua muda kujibu. "Hii haimo kwenye daftari, dada. Hakuna mahali imeandikwa. Umejuaje?"

Nyemo alisema ni uzoefu tu. Akachukua mkoba wake akaondoka, na njia nzima alijiambia kwamba Bi. Zamoyoni amepona na kwamba hilo latosha. Lakini alijua wangapi wanampima mama kama huyo kwa heshima hiyohiyo, na kwamba wote wamefundishwa na usiku uleule kwamba ukiona taya linazama upande, mlaumu mgonjwa.

*

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kaa."

Profesa Kokusima alikuwa mwanamke mwembamba aliyekaribia kustaafu, mwenye tabia ya kunoa penseli akisikiliza. Nyemo alimweleza yote, kuanzia skana mpaka glasi. Alipofika kwenye glasi, kunoa kulikoma.

"Pole, mwanangu," alisema Profesa, na aliimaanisha. Kisha akautazama mlango kama umefungwa. "Kuna mtu mwingine anajua?"

"Hapana."

"Basi nisikilize. Usiku ukishajulikana ni wa nani, sheria inataka ufutwe kabla jua halijazama. Ufutwe vyuo vyote. Wanafunzi mia tatu kila mwaka wanalala pale. Hao wengine wote wamezinduka, Nyemo, hawafundishi kitu kinachofanana na kile. Mimi nimeona kliniki madaktari waliolala 212. Wana mkono mwepesi. Wanaogopa mahali panapostahili kuogopwa. Baba yako amewaokoa watu ambao siwezi kuwahesabu."

"Kwa jina la Mbishi."

"Kwa jina lolote. Na wewe utanyang'anywa leseni, hilo unalijua. Si ya usingizi tu, hata ya kung'oa jino."

"Najua."

"Nitaongeza mstari kwenye daftari. Mgonjwa apimwe bila meno ya bandia. Nitasema ni utafiti mpya. Kosa litarekebishwa, rekodi itabaki, na wewe utabaki kazini. Nani atakuwa ameumia?"

Lilikuwa jambo la busara, na Nyemo aliliona hivyo. Alitaka kulikubali. Alitaka cheti, alitaka Jumanne na Jumatano nyingine nyingi za kumsikia baba akipita Kilosa. Hilo la pili ndilo lililomtisha, kwa sababu alijiona mzee, profesa, bado analala kitanda cha tatu kila saa nane mchana.

"Na ule mstari wa mwanzo?" aliuliza. "Kwamba hakufuata maelekezo?"

"Huo tukiufuta wataulizia ukweli wake. Utabaki."

"Lakini alifuata, Profesa. Nilimwambia avue meno, akavua. Nilimwambia avae kifaa, akavaa. Alifuata maelekezo yangu yote mawili, kila siku, bila kukosa."

Profesa Kokusima aliirudisha penseli mezani. "Kesho ndiyo mtihani," alisema taratibu. "Swali la 212 huulizwa na mimi. Sitakuuliza. Ukinyamaza, nitanyamaza mpaka kaburini."

*

Ijumaa chumba cha mtihani kilikuwa na watahini watatu mbele na wanafunzi nyuma, wengi wao wa mwaka wa kwanza, kwa sababu chuoni pale mtihani wa mdomo ulifanywa hadharani ili wadogo wajifunze. Nyemo alijibu vizuri. Alijibu kuhusu milimita, kuhusu maumivu ya kiungo cha taya, kuhusu dereva anayeficha usingizi wake kwa kuazima kinywa cha mdogo wake. Profesa Kokusima alifunga faili.

"Sina swali zaidi," alisema.

"Samahani," alisema Nyemo. "Sijaulizwa 212."

Profesa alimtazama usoni. Mtahini wa kulia alijikohoza. Halafu Profesa akafungua faili tena, na sauti yake ilikuwa ya kazi. "Usiku Namba 212. Nini chanzo cha kifaa kushindwa?"

"Kosa la daktari. Alimpima mgonjwa akiwa na meno ya bandia, kisha akamwagiza alale bila hayo meno. Kifaa hakikuwa na cha kushika upande wa kushoto. Mgonjwa hakuwa mbishi. Alikuwa msikivu kuliko wagonjwa wote niliowahi kuwaona."

"Una ushahidi gani?" aliuliza mtahini wa kulia.

"Daktari huyo ni mimi. Mgonjwa anaitwa Hosea Ndahani, alikuwa mtangazaji wa stesheni ya hapa Dodoma. Ni baba yangu."

Nyuma, Mkwizu alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya utosi. Nyemo alidhani angejisikia mwepesi, ndivyo watu husema, lakini alijisikia kama siku ile ya kaburini udongo ulipoanza kumwagwa.

Mengine yalikwenda haraka, kama mambo ya sheria yanavyokwenda yakishapata jina. Saa tisa karani alileta fomu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya leseni, akaisaini. Ya pili ilisema usiku utafutwa saa kumi na mbili na nusu, na kwamba ndugu wa marehemu ana haki ya kuulala mara moja ya mwisho, yeye au mtu atakayemteua.

Nyemo aliishika kalamu muda mrefu. Alitaka kwenda. Mwili wake wote ulitaka kwenda. Kisha akaandika jina la Mkwizu.

"Mimi?" alisema Mkwizu, alipoitwa. Macho yalikuwa mekundu. "Dada, mimi nilimtukana."

"Ndiyo maana. Nenda kamsikilize. Anasema, usimwache aseme peke yake. Na ukifika pale taya linapozama, zingatia vizuri, kwa sababu itabidi uwaeleze wengine kwa mdomo wako. Hakutakuwa na hatamu."

Alimsubiri kwenye benchi la korido. Walipita wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakampa shikamoo badala ya habari za leo, hakujua kwa nini. Ulimi wake ulikwenda kwenye magego ya kushoto. Safari hii hakuurudisha.

Saa kumi na mbili na nusu Mkwizu alitoka, alama za hatamu zikiwa bado mashavuni, akajifuta mate kidevuni kwa mkono wa koti. Alikaa kando yake. Chumbani nyuma yao mashine ilianza kulia mlio mdogo, wa kawaida kabisa, wa kitu kinachofutwa.

"Nimevisikia," alisema. "Kilosa, Kidete, Godegode, Gulwe. Vituo, muda wote ule vilikuwa vituo." Alimeza mate. "Dada, baada ya Gulwe kinafuata nini?"

Nyemo alifungua kinywa na kukuta hajui kama anavijua. Hakuwahi kufika huko akiwa macho. Lakini vilikuja, kwa sauti ya chini, kwa mpangilio, kila kimoja kikimsubiri mwenzake.

"Msagali," alisema. "Igandu. Kikombo. Ihumwa. Halafu Dodoma, watu wote wanashuka."